Kijito cha mjini hakiuliwi kingoni, kinauliwa huko juu kwenye mapaa na mabomba

Mji ukitangaza kwamba unafufua kijito chake, picha zinazotoka huwa zinafanana. Njia ya kutembelea imetandikwa pevingi, mabenchi, taa, miti michanga imeegemezwa vijiti, kingo zimepangwa mawe kwa ustadi na katikati pale maji yanapita. Sina ugomvi na benchi, watu wa mjini wanahitaji sehemu ya kukaa wakapumua. Shida yangu ni kwamba kwenye projekti nyingi hiyo picha ndo kazi yote iliyofanyika, hela imeishia kingoni, halafu maji yenyewe yanaendelea kuja kutoka kule kule yalikokuwa yanatoka, yakiwa na vile vile vilivyokuwa vinakiua kijito. Baada ya misimu michache ya mvua mawe yameng'oka, kingo zimeporomoka, harufu imerudi, na watu wanaanza kusema wananchi hawatunzi. Kwa kweli hapo wananchi mara nyingi wanasingiziwa. Kijito kilikuwa kinauliwa kila siku kutoka juu na hakuna aliyepanda huko juu kwenda kuzuia.

Twende taratibu. Chukua paa moja la nyumba, mita za mraba 100. Ikinyesha mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida kabisa, paa hilo linamwaga lita 1,000. Hekta moja ya lami ya parkingi ikipigwa mvua ya milimita 20 inamwaga lita 200,000. Kabla ya paa na lami pale palikuwa na udongo, nyasi na mizizi, sehemu kubwa ya maji hayo yalikuwa yananywewa na ardhi, mengine yanarudi hewani kupitia majani ya miti, yanayobaki yanatembea chini kwa chini polepole na kufika kijitoni baada ya siku, wiki au hata miezi, na ndo maana kijito chenye afya kina maji hata kiangazi. Sasa hivi maji yale yale yanashuka kwenye gata, gata inaingia mtaro wa zege, mtaro unaingia bomba, na ndani ya dakika chache yote yako kijitoni kwa mpigo.

Kinachofuata watu wengi hawakitegemei. Yale mafuriko makubwa ya mara moja baada ya miaka mingi siyo yanayokimaliza kijito, hayo kilishayazoea tangu enzi. Kinamalizwa na mvua ndogo ndogo. Mvua ambayo zamani kijito hakikuisikia hata kidogo sasa inakipelekea wimbi la maji machafu yenye kasi, na mvua za namna hiyo ni nyingi kwa mwaka, kwa hiyo kinapigwa tena na tena kabla hakijapona. Kinachimbika kwenda chini, kingo zinabaki zimesimama wima bila kitu cha kuzishikilia, zinaanguka, kijito kinapanuka, mizizi ya miti inabaki inaning'inia hewani. Halafu kiangazi kikifika maji ya chini ya ardhi ya kukilisha hamna, kwa sababu mvua haikupewa nafasi ya kuingia ardhini tangu mwanzo. Kwa hiyo kijito hicho hicho kinazama masika na kukauka kiangazi, na chanzo cha yote mawili ni kimoja.

Wataalamu wa vijito wana kipimo cha haraka haraka kinachotumika tangu miaka ya 1990: ukichukua bonde lote linalomwagia maji kwenye kijito, asilimia 10 ikishazibwa na mapaa, lami na zege, dalili za kuumwa zinaanza kuonekana, na ikivuka asilimia 25 hali huwa mbaya kabisa. Usiichukue kama mstari mnyoofu, inategemea udongo na mvua ya mahali, na tafiti za baadaye zilikuta madhara yanaanza hata chini ya hapo. Ila kuna jambo zito zaidi ambalo Christopher Walsh na wenzake wa Melbourne, Australia, wamelisisitiza kwa miaka: kinachoua zaidi kuliko paa lenyewe ni bomba linaloliunganisha na kijito. Paa linalomwaga maji yake bustanini halileti madhara sawa na paa la ukubwa ule ule lililofungwa moja kwa moja kwenye mtaro. Mimi hili linanipa matumaini kuliko kitu kingine chochote kwenye mada hii, maana mji huwezi kuubomoa, lakini bomba unaweza kulikata.

Sasa mtu atasema haya ni maneno, ushahidi uko wapi kwamba kazi ya kingoni peke yake haitoshi. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, akina Emily Bernhardt na Margaret Palmer, walichapisha kwenye jarida la Science hesabu ya projekti zaidi ya 37,000 za kufufua mito na vijito nchini kwao, wakakadiria kwamba tangu 1990 zinatumika zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka, na zilizokuwa na rekodi yoyote ya kufuatilia matokeo zilikuwa asilimia 10 tu. Asilimia 10! Yaani hela inamwagwa mwaka baada ya mwaka na sehemu kubwa hakuna anayerudi kuangalia kama kuna kilichopona. Mwaka 2010 Palmer na wenzake wakapitia projekti 78 zilizorekebisha umbo la vijito, zile za kurudisha kona, kuweka mawe, magogo na vidimbwi kwa imani kwamba sura ya kijito ikirudi viumbe watarudi wenyewe. Umbo lilirudi kwenye nyingi. Zilizoonyesha ongezeko la aina za wadudu wa majini ambalo kitakwimu unaweza kuliamini zilikuwa 2.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Seattle, Marekani. Mji ule ulifanya kazi nzuri kwenye vijito vyake, ukaondoa vizuizi, ukapanda miti, ukarudisha changarawe ya samaki kutagia, na kweli samaki coho, jamii ya salmoni, wakaanza kurudi kutoka baharini kama walivyofanya mababu zao. Halafu wakawa wanakufa. Jike amejaa mayai, hajataga hata moja, unamkuta anazunguka juu ya maji kama amepotelewa na njia, mdomo wazi, mapezi yametanuka, na ndani ya saa chache kafa. Kwenye baadhi ya vijito zaidi ya nusu ya majike walikuwa wanakufa hivyo kabla ya kutaga, tena mara nyingi baada ya mvua kunyesha. Watafiti walihangaika miaka karibu 20 wakipima metali, dawa za wadudu, mafuta, hakuna kilichoshika. Mwishoni mwa 2020 ndo wakatangaza kwamba muuaji ni kemikali inayoitwa 6PPD-quinone, inatokana na dawa inayowekwa kwenye mpira wa tairi ili usipasuke pasuke, dawa hiyo ikikutana na ozoni ya hewani inageuka, tairi inasagika barabarani, mvua inaosha lami, na vyote vinaishia kijitoni. Changarawe mpya haina uwezo wa kuzuia kitu kama hicho.

Lakini kisa hicho hicho kina upande wa pili, na huo hautajwi vya kutosha. Hata kabla kemikali haijajulikana jina, watafiti walichukua maji ya barabara kuu, yale yale yaliyokuwa yanaua samaki wote waliowekwa ndani yake, wakayapitisha kwenye tabaka la mchanga uliochanganywa na mboji. Samaki wakaishi. Mchanga na mboji tu, vitu vya bustanini. Kwa hiyo dawa ya kijito kile ilikuwa huko juu pembeni ya barabara, mita nyingi kutoka kingoni, mahali ambapo hakuna mtu atakayekwenda kupiga picha.

Tuhamie kwenye maji taka, maana hapa ndo pazito. Kuna kipimo ambacho hakihitaji maabara wala konsaltanti. Subiri siku tatu bila mvua, kisha tembea kandokando ya kijito ukiangalia midomo ya mabomba na mitaro ya maji ya mvua. Mtaro wa mvua siku ya jua unatakiwa uwe mkavu. Ukikuta unatoa maji, kuna maswali ya kuuliza. Inaweza kuwa chemchemi iliyofungiwa bombani, inaweza kuwa bomba la maji safi limepasuka, ila angalia mawe pale maji yanapoangukia: ukiona nyuzi nyuzi za kijivu zinazoteleza, zinapepea na mkondo kama pamba iliyolowa, hiyo ni bakteria inayonawiri kwenye maji taka, na inamaanisha choo au bafu la mtu limeunganishwa kwenye mtaro wa mvua, kwa makusudi au kwa fundi kukosea bomba, au chemba fulani huko juu imeziba na inamwagikia mtaroni.

Jinsi ya kumtafuta mhusika nayo ni kazi ya kitaalamu lakini rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sabuni nyingi za kufulia zina dawa ya kung'arisha nguo. Wakaguzi wanachukua kipande cha pamba ghafi, ile isiyowekwa dawa hiyo, wanakifungia kwenye kijikapu cha waya, wanakining'iniza kwenye mdomo wa bomba au ndani ya chemba kwa siku kadhaa, halafu wanakipeleka gizani na kukimulika kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti feki. Pamba iking'aa bluu, maji ya kufulia yamepita hapo. Wanapanda chemba kwa chemba na vipande vyao vya pamba mpaka wafike kwenye chemba ambayo haing'ai, na hapo wanajua tatizo liko kati ya hii na ile. Mwisho wanaomba ruhusa wamwage rangi kwenye choo cha nyumba inayoshukiwa na kuangalia inatokea wapi. Gharama yake ukilinganisha na gharama ya kupanga mawe kingoni ni ndogo mno. Kwa nini haifanyiki kila mahali? Kwa sababu ukimaliza huna cha kuzindua. Umefunga miunganisho kadhaa ya mabomba chini ya ardhi, basi, hakuna utepe wa kukata pale.

Tena mafuriko ya mapaa na maji taka siyo matatizo mawili tofauti. Mabomba makuu ya maji taka mara nyingi yamelazwa bondeni, sambamba na kijito, kwa sababu maji taka yanatembea kwa kuteremka na bondeni ndo chini kuliko kote. Sasa kijito kikianza kula kingo zake, bomba linabaki wazi, linaning'inia, udongo uliolishikilia unaondoka, na siku moja linavunjika. Hapo unapata kinyesi cha mitaa mizima kinaingia kijitoni kutoka tundu moja, na ukifuatilia mnyororo nyuma kabisa unakuta mapaa na parkingi. Mtu anayekuja kuliziba tundu tu atarudi tena mwakani mita chache kutoka pale pale.

Mfano wa dunia ninaoupenda kuliko yote ni mto Emscher huko Ujerumani, katika eneo la Ruhr. Kwa zaidi ya miaka 100 huu ulikuwa mfereji wa wazi wa maji taka. Machimbo ya makaa ya mawe yalikuwa yanafanya ardhi ititie, mabomba ya chini yangekatika, kwa hiyo miji na viwanda vikaunda ushirika mwaka 1899 na wakakubaliana kuugeuza mto kuwa mtaro wa zege. Machimbo yalipoondoka upande ule, mwaka 1992 wakaanza kuurudisha. Hawakuanza na miti. Walijenga kwanza mitambo ya kusafisha maji taka, wakalaza mamia ya kilomita za mabomba kwenye vijito vinavyoingia mtoni, wakachimba bomba kuu la kilomita 51 kwenda mji wa Dinslaken, na kufika mwisho wa 2021 ndo wakatangaza kwamba mto mzima umeachana na maji taka. Miongo mitatu, na gharama ya jumla inatajwa kuwa euro bilioni 5.5 hivi. Vijito vidogo vilivyotangulia kuondolewa maji taka ndivyo vilivyovunjwa zege na kuachiwa kona zake, kimoja baada ya kingine, na viumbe wakaanza kuingia. Mpangilio ule ndo somo lote: maji taka kwanza, umbo baadaye.

Singapore hivyo hivyo, ingawa watu wakiizungumzia wanakumbuka nusu ya mwisho tu. Kila anayependa mada hizi ameona picha za bustani ya Bishan-Ang Mo Kio, ambapo mtaro wa zege wa kilomita 2.7 wa mto Kallang uligeuzwa kuwa mto wenye kona wa kilomita 3.2, kazi ikaisha 2012, watoto wanacheza, ndege wanavua. Ni kazi nzuri sana kweli, maana bustani yenyewe ndo imekuwa bonde la mafuriko, mvua ikizidi maji yanapanda kwenye nyasi na watu wanapewa ishara watoke, na mto mpya unabeba maji mengi kuliko mtaro wa zamani. Lakini kati ya 1977 na 1987 nchi ile ilikuwa imeshafanya kampeni ya miaka 10 ya kusafisha mto Singapore na bonde la Kallang, ikahamisha mifugo, warsha na wachuuzi, ikaunganisha makazi na mabomba ya maji taka yaliyotenganishwa na ya mvua. Bila miaka 10 ile, bustani ya 2012 ingekuwa watoto wanachezea kinyesi. Mtu anayekuja na picha ya Bishan kwenye kikao aulizwe kwanza: na ile ya 1977 tunaifanya lini?

Kijito cha Cheonggyecheon cha Seoul, Korea Kusini, nitakitaja maana hakikwepeki. Walibomoa barabara ya juu kwa juu, wakafungua kilomita 5.8 za maji katikati ya jiji, kazi ikaanza 2003 na kufunguliwa Oktoba 2005. Kwa watu wa jiji ni faida kubwa, joto pembeni yake ni dogo kuliko barabara za jirani, na mimi nafurahi wanayo. Ila maji yale takriban tani 120,000 kwa siku yanapandishwa kwa pampu, mengi kutoka mto Han na mengine ni maji ya chini ya ardhi yanayotolewa kwenye stesheni za treni. Kiangazi pampu zikizimwa, maji yanayobaki ni kidogo sana. Mji wenye hela ya umeme wa kila siku na wa kudumu unaweza kuchagua hivyo, ni haki yake. Mji ambao bajeti ya matengenezo inakatwa kila mwaka ukiiga hiyo utaishia na mtaro mkavu uliopambwa.

Kuna jambo la watu wanaoishi kingoni na siwezi kulipita, kwa sababu mara nyingi hatua ya kwanza ya ufufuaji inakuwa tingatinga. Nyumba iliyo ndani kabisa ya njia ya mafuriko ni hatari kwa mwenyewe, na ukweli huo usifichwe, mtu huyo anastahili kuhamishiwa mahali pa kweli na kwa heshima. Lakini hoja kwamba wakiondoka hao kijito kitapona haina miguu. Kinyesi chao kinaonekana kwa sababu hawana bomba la kukificha, wakati jengo kubwa la huko juu lina bomba zuri la kumwaga chini kwa chini na hakuna anayeliona. Tena watu wakifukuzwa bila choo wanakokwenda, maji taka yale yale yanahamia kijito kingine. Kama lengo ni kijito, basi kupeleka mfumo wa maji taka kwenye mitaa iliyobanana ndo kazi ya kijito yenyewe. Brazil tangu miaka ya 1980 walianza kutumia mabomba membamba yanayolazwa kina kifupi kupitia nyuma ya nyumba na vibarazani, badala ya kuhitaji barabara pana ya kuchimbia, na yalifika mahali ambapo mhandisi wa kawaida angesema haiwezekani. Mtandao wa namna hiyo unaokoa kijito kuliko uzio na bango la "usitupe taka".

Taka ngumu nitazisema kwa kifupi. Kusafisha ni kuzuri, chupa na mifuko inaziba makalavati na kuleta mafuriko, na watu wakisafisha pamoja wanaanza kukijua kijito chao. Lakini kijito kisicho na plastiki hata moja kinaweza kuwa kimekufa kabisa. Maji ya nyuzi joto 20 yanaweza kubeba oksijeni ya kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 yanabeba 7.5 hivi, na hapo bado bakteria wanaomeng'enya kinyesi hawajaanza kuila. Miti ya kingoni ikikatwa jua linapiga maji, lami ya juu nayo inaleta maji ya moto mvua ya mchana ikinyesha, na alfajiri, kabla mimea ya majini haijaanza kutoa oksijeni tena, ndo samaki wanakosa pumzi. Hakuna ufagio unaofika huko.

Kwa hiyo kipimo cha kweli cha kupona ni wanaoishi chini ya mawe. Inua jiwe moja lililolala kwenye maji yanayokimbia, ligeuze. Ukikuta funza wekundu na minyoo myembamba iliyojikunja kwenye tope jeusi, hao ndo wanaovumilia oksijeni kidogo. Ukikuta vidudu bapa vyenye mikia mitatu na mapezi madogo ya kupumulia yanayopepea ubavuni, au kiwavi aliyejijengea kijumba cha punje za mchanga alizozigundisha moja moja, basi maji hayo yamekuwa mazuri kwa miezi mfululizo, siyo siku ya mkaguzi kuja tu, kwa sababu vidudu hivyo vinaishi humo muda mrefu na siku moja mbaya ingewamaliza. Afrika Kusini wana mfumo wa kupima mto kwa vidudu, unaitwa miniSASS, ambao hata wanafunzi wanautumia: unavikusanya, unatambua makundi, unapata alama. Projekti ya kijito ambayo haina hesabu ya namna hii kabla ya kuanza na kila mwaka baada ya kumaliza, kwangu mimi haijasema itakachofanya.

Sasa kuzuia mvua huko juu kunafanyikaje. Siyo kitu kimoja kikubwa, ni vitu vidogo vingi sana: tanki la maji ya mvua ambalo watu wanalitumia kweli, maana tanki lililojaa muda wote halipokei mvua inayofuata; bustani iliyochimbwa iwe bonde dogo lenye mchanga na mboji ambamo gata inamwaga; parkingi yenye matofali yanayopitisha maji; ukingo wa barabara uliokatwa ili maji yaingie kwenye nyasi badala ya kuruka kwenda mtaroni. Melbourne walijaribu hili kwa bonde zima la kijito cha Little Stringybark, wakashawishi kaya na halmashauri kuweka matanki na bustani hizo bila kugusa kingo, wakipima maji kabla na baada. Kazi ni ngumu, kuongea na mwenye nyumba mmoja mmoja kunachosha kuliko kumpa mkandarasi tenda moja, na bustani hizo zinaziba kwa mchanga zikisahaulika. Sijasema ni rahisi. Nasema maji yanatokea huko.

Na kazi ya kingoni? Ifanyike, ila ya mwisho, na ifanyike kwa kukipa kijito nafasi kabla ya kukijengea ukuta. Ukuta wa zege unaharakisha maji na kuhamishia tatizo kwa jirani wa chini. Kijito kinahitaji upana wa kupanda na kushuka, kinahitaji miti ya kivuli, kinahitaji kalavati ambalo sakafu yake haijaning'inia juu ya maji ili samaki aweze kupita. Pale ambapo mvua ya juu na maji taka vimedhibitiwa, mara nyingi ukiondoa zege na kulinda eneo, kijito kinajipanga chenyewe kwa kiasi kikubwa.

Tumalizie na hela, maana kila kikao kinaishia hapo. Miji mingi ya Ujerumani inatoza ada ya maji ya mvua kwa kila mita ya mraba iliyozibwa na kumwaga kwenye mfumo wa mji, tofauti na bili ya maji taka. Philadelphia, Marekani, nayo kuanzia 2010 ilihamisha biashara na taasisi kwenye ada inayotazama ukubwa wa paa na lami badala ya kiasi cha maji waliyotumia, na 2011 ikaanza mpango wa miaka 25 ambao unategemea zaidi kuzuia mvua kwenye ardhi kuliko kujenga mahandaki makubwa. Fikiria maana yake: duka kubwa lenye ekari za parkingi na choo kimoja zamani lilikuwa linalipa kidogo kwa sababu linatumia maji kidogo, huku parkingi yake inapiga kijito kila ikinyesha. Chini ya ada ya mita za mraba linalipa kile linachomwaga, na likichimba bustani ya mvua au likavunja sehemu ya lami, bili inashuka. Wenye nyumba ndogo wanalipa kidogo. Na hela hiyo ina jina, inajulikana ni ya maji ya mvua, kwa hiyo inaweza kulipa watu wa kuzibua bustani, kukagua chemba kwa pamba na kuhesabu wadudu kila mwaka, kazi ambazo mfadhili wa mara moja huwa hazigharamii. Mji unaotaka kijito chake kweli uanze na ramani ya mapaa na parkingi zote za bonde lile, mwenye nazo ni nani, na kila moja inamwaga kwenye bomba gani.